Nyasi zinazojua kiangazi ziko nje ya lango lako

FIKIRIA Jumamosi moja ya Februari mtaani kwenu. Mifereji imekauka tangu Jumatano. Mama mboga ameshanunua mitungi miwili ya maji kabla hajauza hata sukuma ya kumi. Wewe umeamshwa na mlio wa lori la maji linalorudi nyuma langoni, na unajua leo ni zamu yako kushika mpira na kujaza tangi. Tangi likishajaa, kazi bado. Kuna ile kapeti ya kijani mbele ya nyumba, nayo lazima inywe.

Hebu toa simu ufungue kikokotoo. Hesabu yenyewe ni rahisi. Maji ya kina cha milimita moja kwenye mita moja mraba ni lita moja kamili. Katika jua la Januari na Februari, nyasi za kapeti huhitaji karibu milimita nne kwa siku ili zisibadilike rangi. Kama kiwanja chenu ni mita nne kwa tano, hizo ni mita 20 mraba, yaani lita 80 kila siku. Mitungi minne. Ukinunua mtungi kwa Sh20, hiyo ni Sh80 kwa siku, Sh2,400 kwa mwezi, na hujapika hata chai. Kwa wale wa ploti ya hamsini kwa mia ambao wameacha mita 100 mraba za kapeti, ni lita 12,000 kwa mwezi. Lori la lita 10,000 linakuja, linamwaga, linaondoka, na nyasi bado zina kiu.

Sikuambii uishi kwenye vumbi. Wala sikuambii umwage saruji uwanja mzima, maana hiyo nayo ni njia ya kugeuza nyumba kuwa jiko. Ninachotaka kukuambia ni kwamba kuna nyasi za mapambo, ndefu na zenye masuke yanayocheza na upepo, ambazo ukizipanda vizuri msimu mmoja, kiangazi kinachofuata hutazinunulia maji. Na nyingi za hizo si za kuagizwa kutoka ng'ambo. Zilikuwa hapo kwenye ploti yenu kabla trekta halijaja.

Kapeti ilitoka wapi?

Nyasi tunazopanda sana majumbani zinaitwa nyasi za Kikuyu, na jina hilo si la bure. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwenye baridi na mvua ya kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilibebwa kutoka huku hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani, na leo zimefunika viwanja na malisho mengi huko. Limuru zinajiotea zenyewe hadi unazifukuza kwa jembe. Lakini zishushe Kitengela, Athi River, Syokimau au Joska, na utakuwa umemtoa mtu kwenye ukungu ukamweka juani bila kofia. Ataishi, ndio, lakini kwa gharama yako.

Huku chini ni tambarare za Athi na Kapiti. Kabla ya ua wa waya na mabango ya ploti zinazouzwa, nyumbu na pundamilia walikuwa wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kutembea hadi huku kufuata malisho. Walifuata nyasi zilizozoea miezi mikavu tangu jadi. Sisi tulikuja, tukazifyeka, tukaleta kapeti, kisha tukaanza kulalamika kwamba maji hayatoshi.

Na kweli hayatoshi. Nairobi imekuwa ikigawiwa maji kwa zamu tangu 2017, na sehemu kubwa ya maji ya jiji hutegemea bwawa moja, Ndakaini, kule Murang'a. Mitaa ya pembeni nayo inategemea visima, na mwenyeji yeyote wa Kitengela atakuambia jinsi maji ya kisima yalivyo na chumvi. Ukinywesha kapeti kwa maji hayo, baada ya muda unaona unga mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua.

Mpira ulionyang'anywa

Hili nalijua kwa sababu lilitokea kwetu. Mzee wangu alipanga chumba kimoja Nairobi kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kujenga Kitengela. Tulipohamia, kitu cha kwanza alichonunua baada ya mlango wa chuma hakikuwa kochi. Kilikuwa kapeti ya nyasi. Alisimamia vijana wakiipanga kipande kwa kipande, kama fundi anayepanga vigae. Kwake yeye, nyasi fupi za kijani zilikuwa na maana moja tu: tumefika.

Kisha mvua ikakataa. Unakumbuka. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilifeli katika Pembe ya Afrika. Kajiado yetu ilikuwa na mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Nyumbani tulikuwa tukinunua maji, na jioni mimi ndiye niliyeshika mpira kunywesha nyasi za mzee. Siku moja mama alikuja, akauchukua ule mpira mkononi mwangu, akafunga mfereji. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Jirani amepoteza ng'ombe 11. Na sisi tunanywesha mapambo."

Kapeti ilikufa ndani ya mwezi mmoja. Udongo mweusi ukapasuka nyufa za kumeza kandambili. Mzee hakusema kitu, lakini aliacha kukaa nje jioni.

Kando yetu kulikuwa na ploti iliyozungushiwa ua ambayo mwenyewe yuko ng'ambo. Hakuna mtu aliyekuwa akiinywesha, na ng'ombe hawakuweza kuingia. Mle ndani kulikuwa na mashungi ya nyasi za rangi ya shaba, zimekauka kabisa, nikadhani zimekufa pia. Mvua ilipofika Machi 2023, kabla ya wiki mbili kuisha yale mashungi yalikuwa yametoa majani mabichi. Kapeti yetu haikutoa hata jani moja.

Siri iko chini

Nyasi za maeneo makavu hazina uchawi. Kwanza, mizizi yake inaenda chini sana na kusambaa kama nyuzi, wakati kapeti inayomwagiliwa kidogo kidogo kila siku huzoea kulala na mizizi juujuu. Pili, sehemu inayoota iko karibu na ardhi, si kwenye ncha kama mti. Ndiyo maana zinaliwa na ng'ombe, zinafyekwa, hata zinapitiwa na moto, na bado zinarudi. Tatu, jua likizidi, majani ya nyingi yanajikunja kama karatasi ili maji yasipotee. Na kiangazi kikiwa kirefu, zinalala. Zinakauka juu na kusubiri chini.

Hapo ndipo unatakiwa kubadilisha macho kidogo. Tumefunzwa kwamba nyasi nzuri ni ya kijani, basi. Nyasi hizi zina kijani cha Aprili, zambarau au waridi ya wakati wa masuke, dhahabu ya Julai na shaba ya Februari. Jioni jua likizipiga kutoka nyuma, utatoa simu upige picha, nakuhakikishia.

Na usidhani ni ushamba. Katika jiji la New York kuna bustani inayoitwa High Line, iliyofunguliwa 2009 juu ya reli ya zamani iliyoachwa. Nyasi na mimea mingine ilikuwa imejiotea yenyewe pale, na Mholanzi Piet Oudolf, aliyechora mpango wa upandaji, akafuata mwendo huo huo. Watu hupanda ndege kwenda kuitazama. Wewe una ploti ya jirani.

Zipi za kupanda?

Themeda triandra ndiyo ile ya rangi ya shaba niliyoiona kwa jirani. Ndiyo nyasi kuu ya tambarare hizi, na inapenda ule udongo mweusi unaotesa mafundi wa misingi. Hufika magotini au kiunoni. Australia nako huota kiasili, na wenyewe wameipa jina la kangaruu. Panda mashungi saba au tisa pamoja, si moja moja, na utapata kitu cha kutazama.

Ya pili ni Cenchrus ciliaris, yenye masuke yaliyojaa kama mkia wa mbweha. Mama, ambaye ni mzaliwa wa Makueni, alipoiona simuni mwangu alicheka: "Hiyo si ndata kivumbu? Umelipa bando kutafuta malisho?" Hii inataka udongo mwekundu au wenye mchanga, usiotuamisha maji. Usiipande shimoni.

Ya tatu ni Eragrostis superba, ambayo Wakamba huiita mbeetwa. Masuke yake ni bapa, yamepangika kama vito vya hereni, na yakikauka unaweza kuyakata na kuyaweka kwenye chupa ndani ya nyumba mwaka mzima. Huvumilia hata udongo wenye chumvi kiasi.

Melinis repens umeiona mara nyingi bila kujua jina. Ni ile ya masuke ya waridi inayojiotea kando ya barabara na kwenye mijengo iliyokwama. Haiishi miaka mingi, lakini hujipanda yenyewe, na kwa bei ya bure huwezi kuilaumu.

Vetiva ni mgeni kutoka India, lakini mgeni mwenye adabu. Aina inayopandwa haitoi mbegu za kuota ovyo, na mizizi yake hushuka mita tatu au zaidi. Kama ploti yenu ina mteremko na mvua kubwa inabeba udongo, panda mstari mmoja wa vetiva kukata mteremko. Huvumilia mafuriko na kiangazi.

Mchaichai nao ni nyasi, usisahau. Hauvumilii ukame kama hizo nyingine, lakini ukishika unatosheka na maji ya kufulia mara moja kwa wiki, unapendeza, na asubuhi unakata majani mawili unatia kwenye chai.

Za kuwa nazo makini

Vitalu vya kando ya barabara vinauza nyasi zenye mikia laini inayoinama kama maji ya chemchemi, Cenchrus setaceus. Asili yake ni Afrika Kaskazini na Mashariki hadi Mashariki ya Kati. Hawaii na Arizona walizipeleka kwa urembo, zikatoroka bustanini, na sasa zinachochea moto wa porini. Ukizitaka, chagua ile ya majani ya zambarau, kwa sababu hutoa mbegu kwa nadra sana.

Halafu kuna pampasi, zile zenye manyoya meupe makubwa unazoziona kwenye mapambo ya arusi na Instagram. Zimetoka Amerika Kusini. Majani yake yanakata kama msumeno, na kila unyoya unabeba maelfu ya mbegu zinazopeperuka. California, New Zealand na Afrika Kusini zinahangaika nazo hadi leo. Picha nzuri, lakini usizipande. Kenya tayari tuna somo letu la mathenge, mti ulioletwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukala malisho hadi wakazi wakaenda mahakamani na mbuzi asiye na meno. Mmea kuvumilia ukame peke yake si sifa. Uliza pia unatoka wapi, na ukishamaliza ploti yako utaenda kwa nani.

Utazipata wapi?

Usiingie mbuga ya taifa kuchimba. Ni kosa, na hakuna haja. Angalia ploti zinazokaribia kujengwa. Ukiona mawe na mchanga vimeshushwa, jua msingi unakuja na kila shungi lililo hapo litazikwa wiki ijayo. Mtafute mwenye ploti au fundi mkuu, omba ruhusa, nenda na sululu na magunia. Mara nyingi watakushangaa, kisha watakuambia uchukue zote. Sisi tulimpigia simu yule jirani wa ng'ambo. Jibu lake lilikuja kwa WhatsApp: "Nyasi? Chukua. Nilidhani unataka kununua ploti."

Kama unataka mbegu, kituo cha utafiti cha KALRO kule Kiboko, Makueni, kimefanya kazi na nyasi za maeneo kame kwa miaka mingi, na kuna wakulima Makueni, Kitui na Kajiado wanaovuna mbegu za malisho na kuziuza. Mbeetwa na ndata kivumbu huanza vizuri kwa mbegu. Themeda ni msumbufu: mbegu mbichi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Ina mkia mwembamba unaojisokota ukilowa na kujichimbia udongoni wenyewe, kama kekee. Inafurahisha kutazama, lakini kama una haraka, gawa mashungi.

Kupanda bila stori nyingi

Subiri mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Panda wiki ya kwanza au ya pili baada ya mvua kushika, sio Januari kwa sababu umepata wikendi huru.

Kata majani ya shungi ulilochimba yabaki urefu wa kiganja. Ligawe kwa panga, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi kadhaa. Funika mizizi kwa gunia bichi, usiiache juani hata dakika kumi.

Chimba shimo la sentimita 30 kila upande. Changanya udongo na kiganja kimoja au viwili vya mboji. Usitie mbolea ya dukani. Ukizilisha sana, zinarefuka na kulala chini kama mlevi. Acha nafasi ya sentimita 50 kati ya shungi na shungi. Mwanzo utaona ni mbali, lakini mwaka ujao zitakuwa zimeshikana.

Kwenye nafasi hizo tandaza kokoto au majani makavu ili unyevu usitoke na magugu yasiote. Usiyasogeze hadi kwenye shina, yataozesha.

Mvua ikikatika, mwagilia lita mbili kwa kila shungi mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili ya kwanza. Maji ya kusuuza nguo yanafaa, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki hadi msimu wa mvua unaofuata. Kisha acha. Najua mkono utakuwasha kushika mpira. Acha tu.

Mara moja kwa mwaka, kabla tu ya mvua, kata shungi lote libaki sentimita 10 hadi 15. Hiyo ndiyo kazi yote. Kapeti hukatwa kila wiki mbili.

"Mtaleta nyoka"

Utaambiwa hivyo na kila mtu, kuanzia bibi yako hadi mlinzi wa mtaa. Usiwacheke, kwa sababu nyasi ndefu zilizosongamana huficha panya, na nyoka hufuata panya. Kwa hivyo acha mita moja ya kokoto tupu kati ya nyasi na ukuta, mlango na njia ya kwenda chooni. Panda mashungi yanayotengana ili uone ardhi katikati yake. Usirundike mbao na takataka hapo. Watoto wasichezee ndani yake.

Moto ni hoja nyingine ya kweli. Februari nyasi hizi zimekauka, kwa hivyo ziweke mbali na jiko la makaa na mahali mnapochomea taka, na ukiona hatari, kata mapema. Kama nyumbani kuna mtu mwenye pumu au mzio wa chavua, panda mbali na madirisha ya kulala, au kata masuke yakianza kufunguka.

Lakini adui mkubwa wa nyasi hizi si moto wala nyoka. Ni fyekeo.

Yetu yalifika Februari 2024. Tulikuwa tumepanda mashungi 40 Aprili iliyotangulia, na yalikuwa yamefika kiunoni, shaba tupu. Nilikuwa chuoni. Mzee alikuwa na wageni Jumapili, watu wa kanisa, na aliona aibu. Akampa kijana Sh500, na kazi ikaisha asubuhi moja. Niliporudi nyumbani nilikuta visiki. Sikula siku hiyo. Mzee naye alinikwepa, akabaki sebuleni na gazeti ambalo nilijua ameshalisoma.

Mvua ilianza wiki za mwisho za Machi, zile mvua ambazo baadaye zilileta mafuriko. Nyasi zilirudi, tena nene kuliko mwanzo. Kumbe kufyekwa kabla ya mvua ndiyo hasa kulikuwa kunatakiwa. Mzee alikuwa amefanya kazi yangu bila kujua.

Kuna siku yule jirani aliyepoteza ng'ombe alipita kutusalimia. Alisimama langoni, akainama, akachuma nyasi kidogo. Kwa Wamaasai, kushika nyasi mkononi ni ishara ya amani, na huwezi kupita tu kama hujaona. Akamwambia mzee, "Baba Wanza, hizi ndizo zilikuwa hapa kabla yenu. Umefanya vizuri kuzirudisha." Mzee alinitazama. Kisha akamjibu, bila haya hata kidogo, "Eh, tumezipanda mwaka jana."

Tumezipanda! Nilinyamaza.

Na kama huna ploti?

Najua wengi wenu mko keja za kupanga, na landilodi hataki kuona hata msumari ukutani. Basi tafuta ndoo iliyopasuka ya lita 20 au debe la rangi. Toboa matundu chini, weka kokoto kidogo, jaza udongo wenye mchanga, panda shungi moja la mchaichai au nyasi za zambarau. Weka kwenye balkoni inayopata jua. Chungu hukauka haraka kuliko ardhi, kwa hivyo mwagilia kila baada ya siku mbili tatu. Ukihama, unahama nayo. Weka kokoto juu ya udongo ili paka wa jirani asipageuze choo.

Kama nafasi ya mbele ya ploti ni ya wapangaji wote, anza na mita moja tu, kando ya lango. Zungushia mawe yaliyopangwa vizuri. Usipuuze mawe hayo. Mtu mwenye fyekeo akiona mpaka, anajua kuna mtu aliyekusudia. Asipouona, anaona magugu. Na mwambie keateka mapema, kabla hujapanda, sio baada ya yeye kufyeka.

Kuna chapaa? Kidogo, kwa mwenye subira. Shungi moja la miaka miwili au mitatu linaweza kugawanywa vipande vitano au zaidi, na kila kipande ni mche. Watu wanaojenga sehemu kavu wanaanza kuuliza mimea isiyohitaji maji mengi. Usiache kazi kwa sababu ya makala haya, lakini ukiwa na mashungi 20 na simu inayopiga picha vizuri, una pa kuanzia.

Jumamosi iliyopita lori la maji lilikuja kwetu kama kawaida. Nilishika mpira, nikajaza tangi, nikaufunga. Mama alianua nguo. Mzee alikuwa nje kwenye kiti chake, miguu juu ya kokoto, upepo unapita kwenye masuke nyuma yake. Mgeni mmoja mpya wa mtaa alisimama langoni akauliza tunazinywesha mara ngapi.

"Hizi?" mzee akasema. "Hizi ziliacha kunywa zamani. Ukitaka, rudi mwezi wa nne na gunia."